Mwaka Binti Yangu Alipokuwa Kivuko

Binti yangu alirithi sauti ya marehemu baba yangu, na baba yangu alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye kisiwa cha pili. Kule kwetu Majita, ukingoni mwa ziwa, sauti ya namna hiyo ni mali. Mvuvi anayenong'ona hula peke yake. Lakini ichukue sauti hiyo, uiweke ndani ya mtoto wa kike mwembamba kama ufito, halafu umpeleke mtoto huyo kwenye kwaya ya shule jijini Mwanza, na watu watageuka kutafuta nani ameacha mashine ya kusaga inanguruma.

Mwalimu wa kwaya hakuwa mtu mbaya. Alimwita pembeni, akamwambia kwa upole, "Wewe mama, chezesha midomo tu. Sauti waachie wenzako." Binti yangu ni mtoto mtiifu, sijui hilo kalirithi kwa nani. Alichezesha midomo muhula mzima, akifungua na kufunga kama sato aliyewekwa kwenye beseni bila maji. Siku ya kufunga mwaka wazazi tuliitwa kusikiliza. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamwambia, kwa lafudhi ya mtu anayejua muziki, "Leo nimekusikia vizuri sana. Ulikuwa juu ya wenzako wote."

Akanitazama. "Baba, sikuimba."

"Unasema?"

"Sijaimba tangu muhula uanze. Mwalimu alinikataza."

Mke wangu alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu mtoto hakuwa anacheka. Tangu siku hiyo binti aliacha kuimba kabisa, hata kanisani, hata akifua soksi zake. Na sifa zangu zikapoteza thamani. Nikimwambia mchoro wake ni mzuri, ananijibu, "Wewe unapenda kila kitu." Mtu niliyesoma mpaka chuo kikuu, ninayeandika makala za kuwakosoa watu wazima, nilifukuzwa kazi ya ukosoaji na mtoto wa shule ya msingi.

Ilipofika likizo ya mwezi wa sita, mke wangu akaja na habari. Kuna dada mmoja amesomea muziki na uigizaji, kwao Bukoba lakini amehamia hapa, ameomba ukumbi wa kanisa huko Kirumba, juu kidogo ya soko la samaki la Mwaloni. Watoto wanakwenda asubuhi, wanashinda huko, jioni wanarudi makwao. Wanafundishwa kuimba, kucheza na kuigiza, vyote kwa pamoja, na siku ya mwisho wanaonyesha mchezo mbele ya wazazi.

"Nitacheza na nitaigiza," binti akasema. "Kuimba, hapana."

"Hakuna atakayekulazimisha," mama yake akajibu, kwa uso ule ule anaoutumia kumwambia kwamba sindano haiumi.

Nilimpeleka mwenyewe asubuhi ya kwanza, nikabaki kidogo nikizubaa getini, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Dada Mwalimu, ndivyo watoto walivyomwita, alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mzazi anayechelewa kuondoka atasaidia nini. Mama mmoja muuza dagaa akasema ataleta mboga ya mchana. Baba mmoja fundi cherehani akasema atashona mavazi. Akanigeukia mimi.

"Mimi naandika," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa kuni ilhali anapikia gesi. "Basi utatuandikia mchezo, baba," akasema kwa heshima.

Habari ya kuandika haikuhitaji kutafutwa mbali. Tangu daraja la kutoka Kigongo kwenda Busisi lifunguliwe, hakuna mtu Mwanza asiye na neno juu yake. Zamani ukienda Geita ulifika Kigongo, ukakaa kwenye foleni, ukala mahindi ya kuchoma, ukagombana na mtu, ukapatana naye, ukajua na habari za shangazi yake, ndipo kivuko kikaja. Siku hizi gari linapita juu kwa juu, na kabla hujamaliza kusema "tazama ziwa" umeshafika ng'ambo. Nikaandika ugomvi kati ya Kivuko na Daraja, kila mmoja akidai yeye ndiye anayewapenda watu zaidi. Kivuko nilimpa hotuba ndefu kuhusu kumbukumbu na maendeleo. Niliisoma mwenyewe mbele ya watoto, nikitembea huku na huko kama nilivyowaona maprofesa wangu wakifanya.

Mtoto mmoja aliyepewa nafasi ya abiria aliisikiliza yote, kisha akanyoosha mkono. "Shikamoo. Samahani, huyu Kivuko anasema maneno yote haya huku anazama?"

Dada Mwalimu aliichukua ile hotuba, akaipitia kwa makini, akafuta maneno yote, akabakisha honi ya kivuko.

Honi hiyo ndiyo iliyomnasa binti yangu. Asubuhi moja watoto walipangwa uani, kati ya yale mawe makubwa ambayo Mwanza tumeyazoea kiasi cha kuanikia nguo juu yake, wakaambiwa watoe sauti za mji wetu. Wakaanza: bodaboda zinazopanda mlima, injini za mitumbwi, kunguru, mhubiri wa sokoni. "Sasa nataka honi ya kivuko," Dada Mwalimu akasema. Wengi walitoa sauti za baiskeli. Binti yangu alikuwa amekaa nyuma kabisa, na nadhani alijiambia moyoni kwamba honi si wimbo, kwa hiyo hakuna amri inayovunjwa. Akafungua mdomo.

Korongo waliokuwa wamesimama juu ya bati waliruka. Mama wa dagaa alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani huyo?" Dada Mwalimu akauliza.

Watoto wote wakamwonyesha kidole. Alikuwa ameshajificha nyuma ya mwenzake. "Samahani, dada," akasema.

"Samahani ya nini? Hebu piga tena."

Ujanja wa yule dada ulikuwa kwamba hakumwambia aimbe hata mara moja. Alimwambia apige honi ndefu, halafu honi fupi fupi, halafu honi inayopanda na honi inayoshuka. Baadaye ikaja honi inayosema "pandeni". Baadaye tena, honi inayosema "pandeni twende Busisi". Mtoto alikuja kushtuka ana wimbo mzima wenye beti na kiitikio, na kundi la wenzake nyuma yake wanaoitikia, na hakuna mtu aliyekuwa ametaja neno kuimba.

Aliyekuwa Daraja alikuwa binti wa muuza duka mmoja wa Mabatini, msichana mrefu mwenye sauti ya kanisani, safi, inayopanda ngazi bila kushika ukuta. Yeye na binti yangu walipendana kwa njia ya watoto, yaani kwa matusi.

"We Kivuko kibovu, ukimaliza kukohoa unipishe nipite!"

"Pita! Huna hata hindi la kuchoma. Nani atakukumbuka?"

"Wenye haraka."

"Wenye haraka hawana shukrani!"

"Na wasio na haraka wananuka dagaa!"

Maneno hayo yaliingizwa kwenye mchezo kama yalivyo. Watu wamekuwa wakinipongeza kwayo tangu wakati huo, nami huinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Lakini kulikuwa na tatizo. Binti yangu aliimba kwa nguvu pale tu walipokuwa wao kwa wao. Mgeni akitokea getini, sauti inarudi ndani kama kichwa cha kobe, na kinachobaki ni midomo. Nilikuwa nikijificha nyuma ya jiwe ili nimsikie, mtu mzima mwenye mvi, nimechuchumaa, wapita njia wakinisalimia, "Mzee, umepoteza nini?"

Wiki ya mwisho ilipoanza, akatuambia mezani, "Nataka bibi aje."

Bibi ni mama mkwe wangu. Anakaa huko ndani Misungwi, kwenye ng'ombe na karanga zake, na enzi za usichana wake alikuwa mcheza ngoma aliyejulikana vijiji vingi. Hana mazoea ya kusifu. Siku nilipopelekwa kwake kutambulishwa kama mchumba, alinitazama kutoka viatu mpaka kichwani, akasema, "Tutaona." Bado anaona.

"Mimi na mama yako tutakuwepo," nikamwambia.

"Ninyi mtapiga makofi tu. Ninyi hata nisipoimba mnapiga." Alikuwa anachambua samaki wake, hanitazami. "Bibi akisema nzuri, basi ni nzuri kweli. Akisema mbaya, nitachezesha midomo siku zote, na sitaki mtu aniambie tena niimbe."

Mke wangu aliweka kijiko chini. Kisha akainuka kwenda kumpigia mama yake simu.

Bibi aliwasili siku yenyewe mchana, amejifunga kitenge cha kutokea, mkononi ana mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwake hakuna safari halali bila hivyo. Nilimpokea getini kwa adabu zote za mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hii ngoma ya huyu mtoto ni ngoma ya nani?"

"Si ngoma, mama. Ni mchezo wa kuigiza, una nyimbo ndani yake."

"Wanaimba?"

"Wanaimba."

"Wanacheza?"

"Wanacheza pia."

"Ngoma zinapigwa?"

"Zipo mbili, na kinanda."

"Basi ni ngoma," akasema. "Makundi mangapi?"

"Mawili. La Kivuko na la Daraja."

"Aa," akasema Bibi, kwa sauti ya mtu aliyeelezwa vya kutosha, akavuta kiti chake cha plastiki kutoka katikati ya mstari mpaka mwisho wa kushoto, mahali pa kuinuka bila kusumbua watu. Nilidhani anatafuta upepo.

Ukumbi ulikuwa mdogo kwa umati ule, kwa hiyo mchezo ulifanyikia uani. Turubai la buluu lilitandazwa katikati kuwa ziwa. Kundi la Kivuko lilikaa kushoto, chini ya jiwe. Kundi la Daraja kulia, kwenye ukuta wa ukumbi. Wazazi mbele ya ziwa. Binti yangu alivaa kofia ya boksi iliyopakwa rangi kuwa bomba la moshi. Nilimwona akitafuta kwa macho kwenye viti, akampata Bibi, kisha akatazama chini.

Mwanzoni yote yalikwenda vizuri. Foleni ya Kigongo ilichekesha watu, hasa yule mtoto wa abiria aliyekuwa amebeba kuku wa kweli, kuku ambaye hakuwa ameandikwa na mimi wala na mtu yeyote. Matusi yalipokewa kwa vifijo. Honi ilipopigwa, wazazi walishangilia. Lakini ulipofika wimbo wa Kivuko peke yake, binti yangu aliimba kama mtu anayesoma tangazo la msiba kwa mbali. Midomo niliiona vizuri. Sauti ilifika mpaka katikati ya turubai, ikachoka. Watu walipiga makofi ya huruma. Mimi nilipiga ya kwangu. Bibi hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayemsikiliza ng'ombe anayepumua vibaya.

Kisha ukaja mwisho, ambao ulikuwa fahari ya Dada Mwalimu. Alikuwa ametunga nyimbo mbili zinazoweza kuimbwa kwa wakati mmoja, moja ya Kivuko na moja ya Daraja, zikapishana na kushonana kama ukili. Makundi yote mawili yangeimba na kucheza kwa pamoja, kila moja upande wake, halafu yangekutana katikati ya ziwa, yashikane mikono, na kuimba ubeti kuhusu umoja. Ubeti huo ulikuwa wangu, uliosalimika peke yake kati ya vyote nilivyoandika, na nilikuwa nimekaa vizuri kuungoja.

Ngoma zikalia. Pande zote mbili zikaanza. Na Bibi akasimama.

Niseme hapa jambo ambalo Msukuma yeyote angeniambia kama ningeuliza. Baada ya mavuno, makundi ya ngoma yanaposhindana huko Usukumani, hayachezi kwa zamu. Yanacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, moja huku na jingine kule. Watazamaji huamua kwa miguu. Ngoma ikikunogea unaiendea, ikipoa unahama, na mwisho wa siku kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Mimi ni Mjita, Dada Mwalimu ni Mhaya. Sisi wawili, kwa elimu yetu yote, tulikuwa tumewaandalia wazazi wa Mwanza mashindano ya ngoma bila kujua, kisha tukategemea wakae kwenye viti.

Bibi aliinua kiti chake, akakiweka kichwani, akahama. Akahamia kwa Daraja.

Nyuma yake akainuka bibi mwingine, halafu akina mama wawili waliobeba watoto, halafu mstari mzima. Viti vilipita juu ya vichwa kama watu wanaohama mafuriko. "Wabeja! Wabeja!" mtu alipiga kelele kuwashukuru wachezaji, na vigelegele vikaanza upande wa ukuta. Mke wangu, aliyezaliwa na yule bibi, alikuwa ameshapiga hatua mbili kabla hajashtuka.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Samahani," akasema. "Miguu yenyewe."

Upande wa Kivuko tulibaki mimi, mke wangu, fundi cherehani aliyekuwa anazilinda nguo zake, na kuku. Watoto wa kundi walianza kutazamana. "Wametukimbia!" mmoja akasema. Ng'ambo ya ziwa yule msichana wa Mabatini aliona umati unamjia, akapandisha mabega, akaingiza katikati ya wimbo wake mtakatifu, "Kivuko kimeegeshwaaa!" na wenzake wakaitikia, "Kimeota kutu!" Bibi, mbele kabisa, alikuwa anatikisa mabega. Mabega yale nilikuwa sijawahi kuyaona yakitikisika. Yalikuwa na umri mdogo kuliko yeye.

Dada Mwalimu alikuwa ameshika kichwa. Mimi nilifanya kile ninachokijua: nilipiga makofi kwa nguvu zote. Binti yangu aligeuka, akanitazama, na nikaacha. Nikajiona nimesimama pale kama mtu anayempa maji ya kunywa anayezama. Alikuwa amekauka, macho yamejaa, anamtazama bibi yake mgongoni. Nilidhani atakimbia. Nilikuwa nimeshaanza kwenda kumchukua.

Alivua ile kofia ya bomba. Akaitupa chini. Akavuta pumzi mpaka mbavu zikaonekana, na akaachia.

Haikuwa sauti nzuri kwa maana ya kwaya ya shule. Ilikuwa nzito, ina kokoto ndani yake, ilitoka chini ikaja moja kwa moja, haikuzunguka mahali. Iligonga jiwe nyuma yake ikarudi kubwa zaidi. Watu waliokuwa Mwaloni wanasema waliisikia huko chini. Mimi siwaamini, lakini siwabishii. Na maneno hayakuwa ya wimbo tuliofanyia mazoezi.

"Bibi weee! Bibi wa Misungwi, panda!"

Kundi lake lilishtuka, kisha likakumbuka kiitikio. "Pandeni twende Busisi!"

"Mama mwenye kiti, panda! Mama mwenye mtoto, panda!"

"Pandeni twende Busisi!"

"Kivuko hakiondoki bila bibi!"

Mpiga ngoma wao, msichana mdogo ambaye wiki nzima alikuwa akipiga kwa uangalifu kama anayebisha hodi, alianza kupiga kama anayedai haki yake. Miguu ikapata kazi. Vumbi likainuka.

Bibi aligeuza kichwa. Kichwa tu, mabega bado yalikuwa ya Daraja. Kisha akageuka mzima, akakiinua kiti, akatembea mpaka katikati ya turubai la buluu, na hapo akasimama. Nina hakika dada yule wa Bukoba hajawahi kufundishwa chuoni la kufanya mwanamke mzee anaposimama katikati ya ziwa akiwa na kiti kichwani wakati mchezo unaendelea. Bibi alisikiliza huku, akasikiliza kule. Daraja naye hakulala, alipandisha sauti yake mpaka ikawa uzi wa fedha, na wenzake wakaruka juu. Kivuko akajibu kutoka chini. Umati wote ulikuwa unamtazama Bibi. Hata mimi, ambaye ubeti wangu wa umoja ulikuwa ukifa mbele ya macho yangu, nilikuwa namtazama yeye.

Alikuja kwetu. Hakuharakisha. Alikiweka kiti mbele ya binti yangu, lakini hakukikalia. Alikaza kitenge, na mabega yale yakaanza.

Basi kukawa hakuna mchezo tena wa kuelezea. Nusu ya watu walimfuata Bibi. Daraja wakabuni mruko mpya wakarudisha wengine. Kivuko wakaita wauza mahindi, wauza maji na wenye haraka, kila mtu kwa jina la kazi yake, na wakaja, akiwemo mama wa dagaa na mwiko wake. Watu walivuka ziwa kwenda na kurudi, viti kichwani, wakicheka, wakitaniana. "Wewe si ulikuwa huku?" "Kumepoa, nakuja!" "Kigeugeu we!" "Nafuata utamu, sifuati mtu!" Dada Mwalimu alijaribu mara moja kuwapa ishara ya kukutana katikati, kisha akaona katikati pamejaa wazazi, akachukua filimbi yake akaingia kwa Daraja. Mimi nilicheza. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Mke wangu anazo picha, naye hataki kuzifuta.

Nani alishinda, hakuna makubaliano. Kule Mabatini watakwambia Daraja.

Watu walipotulia na wali na dagaa ukagawiwa, tulikaa chini ya kivuli cha ukuta. Binti yangu alikuwa amekaa karibu na bibi yake, anatafuna mchembe, jasho limemchora mistari kwenye vumbi la uso.

"Bibi," akasema hatimaye, "mbona ulinikimbia?"

"Nilikukimbia wapi? Mimi nilifuata ngoma."

"Uliondoka."

"Niliondoka. Ulikuwa unaimba kama mtu anayepita karibu na nyumba ya mgonjwa. Mwenzako alikuwa anaimba. Nikamwendea mwenzako."

Nilifungua mdomo nimtetee mtoto. Mke wangu alinikanyaga mguu.

"Halafu?" binti akauliza.

"Halafu ukaimba. Nikarudi."

"Kwa sababu uliniona ninalia?"

"Ulikuwa unalia? Sikuona." Bibi alilamba kidole. "Mjukuu wangu, mimi nina magoti haya. Nimevuka lile ziwa lenu nikiwa na kiti kichwani mara mbili. Unadhani mtu wa umri wangu anafanya hivyo kumbembeleza mtoto?"

Binti yangu alilifikiria hilo. Niliona likiingia, likishuka, likikaa mahali pake. Sifa zangu za miaka tisa hazijawahi kufika huko, kwa sababu sikuwahi kuondoka. Ili mtu aamini umekuja, lazima kwanza awe amekuona unakwenda. Na mimi baba yake sina miguu ya kazi hiyo.

"Kwa hiyo ni nzuri," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni sauti ya nje," Bibi akasema. "Wakikufungia nayo ndani ya darasa, lazima iwasumbue."

"Shule ikifunguliwa, nitaimba," binti akasema. "Mwalimu akitaka aniweke nyuma kabisa, lakini nitaimba."

"Tutaona," Bibi akasema. Nilitambua ile sauti, na nikafurahi kwamba kuna mtu mwingine katika familia anayeangaliwa.

Nikiwa na matumaini ya mwandishi, nikasogea. "Mama, na yale maneno ya mchezo uliyaonaje?"

"Maneno gani?" Bibi akauliza.

Jioni tulimsindikiza kwenda kupanda gari la Misungwi. Msichana wa Mabatini alikuwa njia moja nasi, akitembea nyuma na mama yake, na hatukuwa tumefika hata barabara kuu kabla hajaanza, "Kivuko kimeegeshwaaa!" Binti yangu, aliyekuwa mbele ameshika mfuko wa bibi yake, hakungoja kuombwa. Alijibu kwa sauti yote, pale barabarani, mbele ya wauza nyanya, mafundi simu na watu wanaorudi kutoka kazini. Watu waligeuka. Hakurudisha kichwa ndani. Mwendesha bodaboda mmoja alipunguza mwendo akaitikia, "Twende Busisi!"

Nilikuwa natembea katikati yao, nikitabasamu, nikitafuta sentensi ya kulielezea jambo hilo, nilipohisi Bibi ananigusa kiwiko.

"Mkwe wangu," akasema, "sogea kidogo. Unaziba ngoma."

Nikasogea.